Chupa ya Asidi na Jeli Isiyonunuliwa

Mwaka 1994, katika maabara ndogo ya kuchunguza chavua za kale huko Perth, magharibi mwa Australia, fundi wa maabara mwenye umri wa miaka 37 alikuwa ameketi mbele ya kabati la kunyonya mvuke, akiyeyusha sampuli za miamba kutoka visima vya mafuta. Alikuwa peke yake. Chombo kikapinduka, na asidi hidrofloriki yenye nguvu ya asilimia 70, kiasi cha kati ya mililita 100 na 230, ikamwagika mapajani. Hiyo ni chini ya glasi moja ya maji ya kunywa. Alikuwa amevaa jozi mbili za glavu zilizoishia kwenye kifundo cha mkono pamoja na vikinga mikono vya plastiki, ila miguuni hakuwa na kinga yoyote. Alijimwagia maji kwa mpira uliokuwa ukitoa lita 6 tu kwa dakika, nguo zilizolowa zikiwa bado mwilini. Kisha akaenda kujitosa kwenye bwawa la kuogelea nyuma ya jengo, akakaa humo dakika 35 hadi 40 mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Jeli ya kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo huduma ya kwanza ya asidi hii, haikupakwa. Baada ya siku 7 alikatwa mguu wa kulia. Baada ya siku 15 alifariki.

Eneo lililoungua lilikuwa asilimia 9 ya ngozi yake. Mtu mzima wa umri ule akiungua kwa maji ya moto kiasi hicho, akafikishwa hospitali kubwa, kwa kawaida hupona. Kilichomuua huyu kilipenya ngozi na kuingia kwenye damu, wakati kidonda chenyewe kingetibika.

Kisa hicho kilichapishwa kwenye jarida la afya kazini mwaka 1996, na mara nyingi husimuliwa kama kisa cha mtu aliyevaa glavu fupi. Kwangu mimi glavu ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Ukipanga yaliyokosekana siku ile, utapata aproni ndefu, mtu wa pili chumbani, bafu la dharura lenye maji ya kutosha, nafasi ya kufanyia kazi kwa kusimama, na jeli. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kutafutwa baada ya chombo kupinduka. Vyote hununuliwa, hupangwa au huamuliwa miezi kabla, na watu ambao pengine hawataigusa chupa hiyo maishani mwao. Mabango ya usalama tunayobandika kwenye milango ya maabara humwambia fundi avae hiki na asifanye kile. Ni sawa, lakini kwa asidi hii anayepaswa kusomewa bango mapema ni ofisa manunuzi, akifuatiwa na mkuu wa idara.

Lakini kwa nini mtu mwenye akili timamu aiweke mezani? Kwa sababu ya mchanga. Sehemu kubwa ya miamba ya dunia imejengwa kwa silika na jamaa zake, na asidi kali tunazozifahamu, yaani salfuriki, nitriki na hidrokloriki, hukaa kwenye chupa za kioo miaka na miaka bila kukidhuru. Kioo chenyewe ni silika iliyoyeyushwa. Asidi hidrofloriki hula kioo, na ndiyo sababu huuzwa kwenye chupa za plastiki na huchemshiwa kwenye vyombo vya tefloni. Kinachokula kioo hula pia granaiti na majivu ya volkano. Mjiolojia anayetaka kujua kilichomo ndani ya jiwe mpaka chembe ya mwisho husaga jiwe hilo kuwa unga na kuliyeyusha kwa mchanganyiko wa asidi nne, hii ikiwamo. Ni njia ya kila siku kwenye maabara za utafutaji madini duniani.

Watu wa chavua nao wana shida yao. Chavua iliyozama kwenye tope la ziwa maelfu ya miaka iliyopita imezungukwa na udongo na mchanga, lakini ukuta wake ni mgumu ajabu, na asidi hii huyeyusha mchanga ikauacha ukuta huo salama. Mengi tunayoyajua kuhusu misitu iliyopanda na kushuka milimani Afrika Mashariki, na kuhusu vipindi vya ukame kabla ya maandishi, yalisomwa kwenye darubini kutoka kwa chavua zilizosafishwa hivyo. Wanaopima umri wa majivu ya volkano nao huosha chembe za feldispa kwa asidi hii iliyozimuliwa, ili kuondoa uchafu na kioo kilichozigandia kabla hazijaingia kwenye mashine. Upimaji huo wa umri, unaotumia potasiamu na argoni, ndio uliotangaza mwaka 1961 kwamba tabaka alimopatikana zamadamu Zinjanthropus kule Olduvai lina takriban miaka milioni 1.75. Bonde la Ufa lilivyojaa majivu ya volkano, asidi hii na jiolojia yetu zitaendelea kukutana.

Kuna kejeli kidogo hapa. Malighafi ya asidi hidrofloriki ni jiwe la floraspa, na kwa miongo kadhaa Kenya ililichimba katika Bonde la Kerio na kulisafirisha nje kupitia Mombasa. Jiwe likatoka kwa meli, na asidi ikarudi kwenye chupa za lita moja kwa bei ya dhahabu.

Sasa tuingie mwilini, kwa sababu bila kuelewa kinachotokea humo, masharti ya usalama ya asidi hii huonekana kama woga wa kupita kiasi. Katika vitabu vya kemia imewekwa kwenye kundi la asidi dhaifu. Maana yake ni kwamba ndani ya maji molekuli zake nyingi hubaki nzima, hazijavunjika kuwa chembe zenye chaji. Asidi kali huchoma ngozi ya juu na kuigandisha, na mara nyingi ngozi hiyo iliyoganda huizuia isiende mbali zaidi. Molekuli nzima isiyo na chaji haizuiwi kirahisi hivyo. Hupita kwenye mafuta ya ngozi, ikashuka kwenye misuli, pengine mpaka mfupani, na huko ndani ndiko inakoachia floridi.

Floridi hushikana na kalsiamu na magnesiamu ikatengeneza chumvi zisizoyeyuka. Seli zilizonyang'anywa kalsiamu humwaga potasiamu yake nje. Mishipa ya fahamu hupiga kelele, na waliopitia maumivu hayo husema hayafanani na ukubwa wa kidonda hata kidogo. Floridi ikiwa nyingi, kalsiamu ya damu nzima hushuka na potasiamu hupanda, na moyo, unaotegemea uwiano wa madini hayo kwa kila pigo, huanza kwenda mrama. Hapo mgonjwa anaweza kufa ndani ya saa chache akiwa bado anazungumza na muuguzi. Anayeogopa asidi hii kwa sababu ya ngozi ameogopa kitu kisicho chenyewe.

Wanakemia wa karne ya 19 waliyajua haya kwa miili yao. Waliokuwa wakijaribu kuitenga florini kutoka kwa asidi hii waliugua mmoja baada ya mwingine: ndugu wawili Knox wa Ireland walidhoofika vibaya, Mbelgiji Paulin Louyet akafa mwaka 1850, na Mfaransa Jérôme Nicklès akafa mwaka 1869. Henri Moissan ndiye aliyefaulu, jijini Paris mwaka 1886, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Wakati huo hawakuwa na jeli, na hawakujua kwamba kalsiamu ndiyo inayoporwa. Sisi tunajua.

Jambo la pili linaloifanya asidi hii kuwa ya kipekee ni ukimya wake. Ikiwa na nguvu inayozidi asilimia 50, maumivu huja hapo hapo. Kati ya asilimia 20 na 50 yanaweza kuchelewa saa 1 hadi 8. Chini ya asilimia 20 inaweza kupita karibu siku nzima kabla mtu hajahisi chochote. Chukua mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeosha feldispa mchana kwa asidi ya asilimia 7 au 10. Glavu ina tundu lisiloonekana, tone moja linaingia na kukaa pembeni mwa ukucha. Anamaliza kazi, ananawa, anapanda daladala, anakula. Usiku wa manane kidole kinaanza kupwita, na kufika alfajiri hawezi kukiweka popote. Anakwenda zahanati ya jirani. Kidole kimevimba kidogo na ukucha umepauka. Mganga anaona mdudu wa kidole, anaandika dawa ya kuua bakteria na ya maumivu, anamwambia arudi baada ya siku tatu. Hakuna uzembe wowote kwa mganga huyo, hakuambiwa. Mwanafunzi naye hakuunganisha kidole cha alfajiri na kazi ya jana mchana. Kwenye maabara inayotumia asidi hii, somo la kuchelewa kwa maumivu linapaswa kutangulia somo la namna ya kushika chupa, na kila mtumiaji anapaswa kutembea na kadi mfukoni yenye jina la asidi na jina la tiba yake, ili akifika zahanati usiku kadi izungumze kwa niaba yake.

Tiba yenyewe ni rahisi ajabu kwa kitu chenye sifa mbaya namna hii. Ukiipa floridi kalsiamu ya dukani, itaiacha ya mwilini. Jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 ndiyo inayotumika kwenye ngozi. Kwa ufupi, mambo huenda hivi. Aliyemwagikiwa anaingia chini ya maji mengi mara moja, na nguo zote zilizolowa zinavuliwa maji yakiendelea kutiririka. Aibu haina nafasi, na anayemsaidia lazima naye awe na glavu nene, vinginevyo wagonjwa watakuwa wawili. Kama jeli ipo, dakika 5 za maji zinatosha. Kama haipo, maji yanaendelea mpaka msaada ufike. Halafu jeli inapakwa na kusuguliwa kwenye eneo lote, bila kubana mkono. Inasuguliwa tena na tena, ya zamani ikipanguswa na mpya kuongezwa. Kama ni vidole, njia bora ni kuijaza jeli ndani ya glavu safi na kumvisha mgonjwa glavu hiyo, mkono ukaogelea humo njiani kuelekea hospitali.

Kuna sharti moja hapa ambalo huwashangaza hata wauguzi: kidole kisichomwe sindano ya ganzi. Maumivu ndiyo kipimo. Yakipungua, kalsiamu imefika ilikotakiwa. Yakirudi, floridi bado inafanya kazi na jeli iongezwe. Ukiyaua maumivu kwa ganzi umejifunga kitambaa machoni. Asidi ikiruka jichoni, jeli hiyo haitumiki kabisa. Jicho huoshwa kwa maji safi mfululizo na mgonjwa hupelekwa kwa daktari wa macho. Aliyevuta mvuke naye anapelekwa hospitali hata kama anajisikia mzima, maana mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Tukifika hospitali, tunafika kwenye jambo ambalo naona halijasemwa vya kutosha kwa upande wetu. Ukimwuliza mkuu wa maabara yoyote kwa nini hana jeli, utaambiwa ni ya kuagizwa kutoka nje, inachelewa, ina bei na huisha muda upesi. Yote ni kweli. Lakini kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, kwenye ampulu za mililita 10, ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hospitali zetu zinazozalisha zinapaswa kuwa nayo kwa sababu nyingine kabisa: mama mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti, na magnesiamu ikizidi na kupumua kukalegea, ampulu hiyo ndiyo kiuasumu. Kwa hiyo dawa anayohitaji fundi wa maabara ya miamba ipo wodi ya wazazi. Ukichanganya mililita 25 za ampulu hizo na mililita 75 za jeli ya maji inayotumika kulainisha mipira ya mkojo, unapata jeli ya asilimia 2.5. Jeli hiyo ya kulainishia isiwe ile yenye dawa ya ganzi ndani yake, kwa sababu ile niliyokwisha kuitaja. Daktari anaweza pia kudunga kalsiamu hiyo hiyo kwenye nyama iliyoathirika, kuipitisha kwenye mshipa, na kuufuatilia moyo kwa mashine. Anachohitaji ni kujua kwamba anashughulika na floridi.

Suala hili la kujua mapema linanipeleka kwenye ndoo ya mchanga. Maabara nyingi za vyuo na sekondari Afrika Mashariki zina ndoo nyekundu ya mchanga pembeni mwa mlango. Ni kifaa kizuri cha moto, na mazoea yameifanya iwe pia kifaa cha kufunika chochote kinachomwagika. Kwa asidi hidrofloriki ndoo hiyo ni mtego. Mchanga ni silika, na silika ikikutana na asidi hii hutoa gesi ya silikoni tetrafloridi, yenye sumu na inayoumiza mapafu. Aliyekimbilia mchanga kwa nia njema amegeuza tatizo la sakafuni kuwa tatizo la hewani. Baadhi ya unga unaouzwa kwa ajili ya kunyonya kemikali nao umetengenezwa kwa silika, na maandishi kwenye mfuko huwa madogo.

Kinachofaa ni chokaa, na chokaa kwetu haikosekani. Chokaa ina kalsiamu, na kalsiamu ikikutana na floridi hutengeneza floridi ya kalsiamu isiyoyeyuka, ambayo kikemia ndiyo floraspa ile ile ya Kerio. Iongezwe taratibu kutoka pembeni kwenda katikati, na kwa kumwagika kidogo tu, kwa sababu asidi yenye nguvu hupandisha joto na kutoa mvuke inapozimwa kwa haraka. Ikiwa ni chupa nzima, chumba kinafungwa na watu wanatoka. Magadi peke yake hayatoshi: yanaondoa ukali wa asidi lakini yanaacha floridi ya sodiamu, inayoyeyuka kwenye maji na yenye sumu bado. Mafundi wengi hudhani karatasi ya litimasi ikishageuka kazi imekwisha, wakati litimasi haipimi floridi.

Hatari ya kumwagika ilionekana kwa kiwango kikubwa zaidi mjini Gumi, Korea Kusini, tarehe 27 Septemba 2012, asidi hii isiyo na maji ilipovuja kiwandani wakati wa kupakua tangi. Watu 5 walifariki, maelfu wakatafuta matibabu, na mazao kwenye mashamba ya jirani yakanyauka. Serikali ikalitangaza eneo hilo kuwa eneo la maafa. Kile kilikuwa kiwanda, si maabara, na ukubwa haulingani, lakini majirani wa kiwanda kile walikuwa katika hali moja na mganga wa zahanati: hakuna aliyewaambia nini kiko ng'ambo ya ukuta.

Na hali ya hewa yetu ina neno lake. Asidi hidrofloriki isiyo na maji huchemka kwenye nyuzi joto 19.5. Huko London inaweza kubaki kimiminika siku nyingi za mwaka. Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza mchana wa kawaida hugeuka gesi papo hapo, na kwa hiyo maabara ya ukanda huu isiyo na mitambo maalumu haina sababu ya kuwa nayo kabisa. Ile ya maji, ya asilimia 40 au 48, haichemki kirahisi hivyo, lakini hutoa mvuke, na chumba chenye joto huongeza mvuke huo. Kiwango kinachohesabiwa kuwa cha hatari ya papo hapo kwa maisha ni sehemu 30 kwa milioni hewani, kiasi kidogo sana. Kabati la kunyonya mvuke lenye feni iliyoungua, na makabati ya namna hiyo yapo mengi tu yakitumika kama stoo ya chupa, ni sanduku la kioo lililo wazi mbele. Umeme ukikatika kazi inasimama na kidirisha kinashushwa. Kuendelea "kumalizia hii moja" hakukubaliki. Kwa taarifa tu, kidirisha hicho cha kioo nacho hubadilika kuwa cheupe kama chenye ukungu baada ya muda, kwa kuliwa na mvuke, na ni ishara nzuri ya kuijua historia ya kabati kabla ya kuuliza mtu yeyote.

Glavu nyembamba za bluu za hospitalini hazistahimili asidi hii ikiwa na nguvu. Zivaliwe ndani, na juu yake glavu nene ndefu za neoprini zilizopimwa tundu kwa kupulizwa hewa. Aproni ndefu, viatu vilivyofunika, miwani na ngao ya uso. Kazi ifanywe kwa kusimama. Saa za kazi ziwe zile ambazo watu wengine wapo jengoni, siyo Jumamosi jioni. Haya yanajulikana na sitayarefushia maneno.

Ninalotaka kulisisitiza ni swali linalotangulia yote, ambalo wakaguzi wa usalama huliweka juu kabisa na wanasayansi huliruka: je, asidi hii inahitajika? Katika kazi nyingi jibu ni hapana, au si kila mara. Chavua inaweza kutenganishwa na mchanga kwa kimiminika kizito cha sodiamu politangsteti, ambamo chavua huelea na madini huzama. Unga wa mwamba unaweza kuyeyushwa kwa moto pamoja na chumvi ya lithiamu borati, kisha asidi ya kawaida ikamaliza kazi. Vipimo vingi vya madini makuu hufanyika kwa mionzi ya eksirei bila kuyeyusha chochote. Kila njia ina gharama yake: politangsteti ni ghali na inabidi irejeshwe na kutumika tena, borati huongeza chumvi inayosumbua mashine nyeti, na eksirei haioni madini adimu sana. Mtafiti anayehitaji kupima chembe chache za madini adimu, au isotopu, atarudi kwenye asidi, na ana haki. Lakini mara nyingi sababu halisi ya kuitumia huwa kwamba msimamizi wa tasnifu alifundishwa hivyo alikosomea, akarudi na njia hiyo nyumbani bila kurudi na mfumo ulioizunguka kule: mkaguzi wa kabati kila mwaka, ghala la taka, jeli kwenye kila chumba, hospitali iliyo dakika 10 na inayojua. Alileta maelekezo ya kupima sampuli, akaacha nyuma kila kilichofanya maelekezo hayo yavumilike. Kwa taasisi isiyo na mfumo huo, kupeleka sampuli 20 kwa mwaka kwenye maabara nyingine yenye mfumo ni uamuzi wa kisayansi kamili, na si dalili ya unyonge.

Sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na anayeingiza au kuhifadhi kemikali za hatari anapaswa kusajiliwa na kuwa na kibali. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Udhaifu ninaouona uko pale sheria inapokutana na bajeti. Asidi huingia kwenye fungu la mradi, kwa sababu bila asidi hakuna matokeo, na bila matokeo hakuna ripoti kwa mfadhili. Jeli huingia kwenye fungu la huduma ya kwanza la idara, fungu ambalo kila mtu hudhani mwenzake ndiye aliyelijaza. Chupa inafika, inapokelewa, inasainiwa. Jeli inabaki kwenye mapendekezo ya kikao. Jeli ikinunuliwa mara moja, muda wake unaisha na hakuna anayekumbuka, kwa kuwa hakuna mtu anayesimamisha kazi kwa kukosa kitu ambacho hakijawahi kutumika.

Dawa ya hali hii ni ya kikaratasi. Jeli iwekwe kwenye hati ileile ya kununua asidi, kama mfuniko unavyokuja na chupa, na msambazaji asikubaliwe kupeleka kimoja bila kingine. Ombi la kibali liulize maswali matatu ya ziada: kiuasumu kiko wapi na kinaisha muda lini, nani wa pili atakuwa chumbani, na ni hospitali gani iliyoarifiwa kwa maandishi. Swali hilo la tatu ndilo la bei nafuu kuliko yote. Ukurasa mmoja kwa mganga mfawidhi: sisi tunatumia asidi hii, nguvu yake ni hii, mtu wetu akija na kidole kinachouma usiku msimpige ganzi, tumieni ampulu za wodi ya wazazi, pimeni kalsiamu na mfuatilie moyo, namba ya simu ya kutupata ni hii. Nakala ibaki mapokezi, nyingine wodi ya wazazi, nyingine kwa mfamasia. Na barua hiyo iandikwe upya kila mganga mfawidhi anapohamishwa, maana kwenye vituo vyetu huhamishwa mara nyingi zaidi kuliko jeli inavyoisha muda.